Mwamba Ngoma na Picha za Vita vya Witu

Wahenga walituachia methali isemayo: mwamba ngoma huvutia kwake. Aghalabu hutumiwa kumkejeli mtu anayepigania masilahi yake huku akijifanya mwamuzi. Katika makala haya nakusudia kuitumia kwa jambo ambalo walimu na wanafunzi wa historia na wa Kiswahili hukutana nalo mara kwa mara, nalo ni picha za kuchongwa za enzi ya ukoloni. Picha hizo zimo vitabuni, zimo katika kuta za makavazi, na siku hizi zimetapakaa pia katika mitandao ya kompyuta. Sote huzitazama, lakini ni wachache wanaozisoma. Dai langu ni kwamba picha ya namna hiyo ni kauli kama kauli nyingine yoyote. Ina msemaji na msemeshwa, ina lengo, na ina mengi ambayo haiyasemi. Mfano nitakaoutumia ni wa Witu, bara mkabala na visiwa vya Lamu, mwaka 1890.

Kwanza tujikumbushe yaliyotokea. Utawala wa Witu ulikuwa mtoto wa Pate. Ukoo wa Nabahani, uliotawala Pate kwa karne kadhaa, haukuweza kuzihimili nguvu za masultani wa Unguja katika karne ya 19. Mmoja wa wana wa ukoo huo, Ahmad, aliyejulikana zaidi kwa jina la Simba, alihamia bara na hatimaye akaweka makao yake Witu, ndani ya msitu. Sikio la Mswahili halikosi kusikia neno mwitu ndani ya jina hilo. Huko walimkusanyikia watu wa namna nyingi, wakiwamo Waswahili wasioitaka serikali ya Unguja na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, ambao waliitwa watoro.

Mwaka 1885 ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipata ardhi kutoka kwa Simba, na serikali yao ikatangaza kwamba Witu iko chini ya himaya yake. Kwa Simba, hiyo ilikuwa ngome ya kumkinga na Unguja. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani walikaa na ramani mbele yao wakaamua kwamba visiwa vya Lamu, Manda na Pate ni vya Sultani wa Unguja, na kwamba Witu ina haki ya kipande cha pwani kuanzia Kipini. Wajerumani walifungua posta mjini Lamu mwezi Novemba 1888, na mwaka 1889 zikatolewa hata stempu kwa jina la Nchi ya Waswahili. Kisha, tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani iliitupa Witu mikononi mwa Uingereza kwa mkataba uliowapa Wajerumani kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Fumo Bakari, aliyemrithi Simba, hakuulizwa neno.

Mwezi Septemba mwaka huo Mjerumani Andreas Küntzel alikuwa Witu pamoja na wenzake kwa shughuli za mbao. Kukazuka ugomvi baina yake na watu wa Sultani. Alipozuiwa langoni alifyatua risasi, nao walinzi wakajibu. Yeye na wengi wa wenzake wakauawa. Uingereza, iliyokuwa sasa ndiye bwana mpya, ikamtaka Fumo Bakari awatoe waliohusika ili wahukumiwe. Hakuwatoa. Mwezi Oktoba Admirali Edmund Fremantle aliteremsha pwani jeshi la mabaharia na askari wa manowari, pamoja na polisi wa Kihindi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki na askari wa Sultani wa Unguja. Vijiji vya pwani vilitiwa moto. Tarehe 27 Oktoba mji wa Witu ulitwaliwa, kisha ukateketezwa. Fumo Bakari alikimbilia msituni, na mapema mwaka 1891 akafariki dunia.

Hayo ndiyo mambo yenyewe kwa ufupi. Sasa tujiulize: yalimfikiaje mtu wa London, ambaye kodi yake ndiyo iliyolipia baruti?

Yalimfikia kwa njia mbili, na njia hizo hazikuwa na mwendo mmoja. Ya kwanza ilikuwa simu ya waya. Waya wa chini ya bahari ulikuwa umefika Unguja mwaka 1879, kwa hivyo habari ya tukio la pwani yetu iliweza kusomwa Ulaya baada ya muda mfupi. Njia ya pili ilikuwa meli ya barua, iliyochukua majuma kadhaa. Maneno yalikwenda kwa waya na picha zikaenda kwa meli. Ukweli huo mdogo una uzito mkubwa kwa mtu anayechunguza lugha. Picha ilipofika London, maneno yalikuwa yamekwisha kuamua maana yake. Msomaji alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba kuna wauaji, kuna waasi na kuna adhabu. Picha haikuja kumpasha habari. Ilikuja kumthibitishia aliyokuwa ameshayaamini.

Magazeti mawili ndiyo yaliyoongoza katika kazi hiyo: Illustrated London News, lililoanzishwa mwaka 1842, na The Graphic, lililoanzishwa mwaka 1869. Hayakukosa kuwapa wasomaji wao picha za msafara wa Witu. Yafaa mwanafunzi afahamu jinsi picha hizo zilivyotengenezwa. Mara nyingi mchoro wa kwanza uliandaliwa na afisa wa jeshi au wa manowari aliyekuwa vitani, akautuma kwa barua. Huko London mchoraji wa gazeti aliuchora upya, akinyoosha palipopinda na kujaza palipopungua. Kisha ulihamishwa juu ya kibao cha mti mgumu, ambacho kilikuwa vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa skrubu. Vipande viliweza kutenganishwa, kila mchongaji akapewa chake usiku huohuo, na alfajiri vikaunganishwa tena. Mmoja alichonga moshi, mwingine akachonga miti, mwingine kofia za askari. Hapana hata mmoja wao aliyepata kuiona Witu.

Kwa hivyo picha ambayo leo tunaiita ushahidi ilipitia mikono mitatu au minne, na mkono wa kwanza ulikuwa wa mmoja wa wapiganaji. Mahakamani hatungekubali maelezo ya upande mmoja yaliyoandikwa upya na karani, kisha yakapigwa chapa na watu ambao hawakuwapo. Mbona twayakubali darasani?

Zitazameni picha za aina hii, na nasema za aina hii kwa kuwa kanuni zake zilikuwa zilezile kutoka Sudan hadi Pwani ya Magharibi. Jicho la mtazamaji huwekwa nyuma ya askari wa Kizungu. Tunaona migongo yao, tunatazama wanakotazama, na kwa hivyo bila kujua tunakuwa wa upande wao. Askari ana uso, ana cheo, na mara nyingine ana jina katika maelezo yaliyo chini. Adui ni wingi usio na uso, kivuli kinachochomoza katika majani. Mistari ya jeshi imenyooka, ya adui imevurugika. Moshi wa bunduki hupanda juu kwa mapambo, lakini huoni jiko lililopinduka wala mtoto anayetafuta mama yake. Katika isimu tuna kawaida ya kuuliza nani ni mtenda na nani ni mtendwa katika sentensi. Picha hizo nazo zina watenda na watendwa, na mpangilio wao hauji kwa bahati.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote haumo gazetini bali umo katika chuma. Waliopigana Witu walipewa medali iliyoitwa ya Afrika ya Mashariki na Magharibi. Upande mmoja ina kichwa cha Malkia Victoria. Upande wa pili imechorwa mapigano ya msituni baina ya askari wa Kiingereza na wapiganaji Waafrika. Msomaji wa haraka atasema: naam, hiyo ndiyo Witu, mji wa msituni. La hasha. Mchoro huo ulibuniwa na msanii Edward Poynter kwa ajili ya medali ya vita dhidi ya Waasante, katika nchi ambayo leo ni Ghana, vilivyopiganwa mwaka 1873 na 1874. Wapiganaji wanaoonekana pale ni Waasante. Miaka kadhaa baadaye mchoro uleule uliletwa ukafanywa kuwa wa Witu kwa kuongeza kipande cha chuma juu ya utepe, kilichoandikwa jina la mahali na mwaka: Witu 1890.

Na haukuishia hapo. Mchoro huohuo ulipewa kipande cha Witu Agosti 1893, pale manowari za Kiingereza ziliporudi kumpiga Fumo Omari na kuzibomoa ngome za watoro huko Pumwani na Jongeni. Ukatumika kwa Ziwa Nyasa mwaka 1893, kwa Gambia mwaka 1894, na kwa Benin mwaka 1897. Aliyepigana Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, huko nyuma ya pwani ya kusini ya Kenya, alichorewa jina la Mwele na mwaka katika ukingo wa medali hiyohiyo.

Sisi wanaisimu tuna jina la kitu kama hicho. Ni kiunzi cha sentensi chenye nafasi moja tupu: "Askari wetu waliwashinda washenzi huko ____." Jina hubadilika, sentensi haibadiliki. Kwa mtengenezaji wa medali, Mswahili wa Witu aliyevaa kanzu na kusoma Kurani, Mwasante wa misitu ya dhahabu na fundi wa shaba wa Benin walikuwa mtu mmoja. Isitoshe, mchoro ule uliwafuta hata marafiki. Polisi wa Kihindi na askari wa Sultani wa Unguja waliokwenda na Fremantle hawaonekani katika vita hivyo vya chuma. Propaganda humchafua adui, na papo hapo humpunja mshirika.

Sasa tuyageukie maneno yaliyofungwa chini ya picha. Vita vya Witu huitwa kwa Kiingereza jina ambalo maana yake ni msafara wa kuadhibu. Neno adhabu si la bure. Yeyote anayelikubali amekwisha kukubali mambo matatu ambayo hayakutamkwa: kwamba kulikuwa na kosa, kwamba aliyepigwa ndiye mkosaji, na kwamba mpigaji ana mamlaka ya kuhukumu. Hatusemi mwizi aliniadhibu, ingawa fimbo yake huuma vilevile. Vivyo hivyo neno muasi. Mtu huasi serikali iliyo yake. Mwezi Juni 1890 Fumo Bakari alikuwa chini ya himaya ya Wajerumani. Mwezi Oktoba akawa muasi wa Waingereza, na katika muda huo yeye mwenyewe hakuwa amehama kiti chake. Aliyehama ni mkataba.

Kiswahili nacho kina mitego yake, na hapa nawaomba walimu wenzangu wa lugha wanisikilize. Linganisha sentensi hizi: Witu iliteketea, Witu iliteketezwa, Fremantle aliiteketeza Witu. Ya kwanza inauacha moto ujizukie wenyewe, kana kwamba ni radi. Ya pili inakiri kwamba yuko aliyetenda, ila inamficha. Ya tatu inamtaja. Zote tatu ni sahihi kisarufi, na mtahini hawezi kumkosoa mwanafunzi kwa yoyote kati ya hizo. Lakini si sahihi kwa kiwango kimoja mbele ya historia. Tunapofundisha kauli ya kutendwa tungefanya vyema kumwambia mwanafunzi kwamba viambishi hivi vidogo vina siasa ndani yake.

Pengine mtu atauliza: na watu wa Lamu wenyewe je, hawakuwa na michoro yao ya kujibu? Swali hilo ni zuri, na jibu lake limo katika lugha. Kitenzi kuchora katika Kiswahili cha zamani kilihusu zaidi kukata kwa chombo chenye ncha, juu ya mti au jiwe, kuliko kupaka kalamu juu ya karatasi. Nakshi ni neno la Kiarabu lenye maana hiyohiyo ya kuchonga pambo. Visiwa vya Lamu vilijaa mafundi wa kazi hiyo. Milango, vidaka vya kuta, makaburi, na siwa mbili mashuhuri, ile ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, ni shahidi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri na mchonga milango kwa wakati mmoja. Katika miaka ileile ambayo mafundi wa London walikuwa wakichonga mbao zao, mafundi wa Lamu nao walikuwa wakichonga zao.

Tofauti ni kwamba nakshi ya Lamu haikusimulia vita. Ilibeba maua, minyororo, aya na tarehe. Sanamu za watu hazikuwa na nafasi katika mila ya mji wa Kiislamu kama ule. Siasa za Lamu zilipiganwa kwa ushairi. Miji ya Lamu, Pate na Mombasa ilitupiana beti kabla ya kutupiana mishale, na Vita vya Shela, vilivyopiganwa mwanzoni mwa karne ya 19, vilikuwa na washairi wake kama vilivyokuwa na majemadari. Ushairi huo nao ulikuwa propaganda, tusijidanganye. Uliwatukuza wa nyumbani na kuwafedhehesha wa ng'ambo. Lakini ulikuwa na adabu moja ambayo picha ya London haikuwa nayo: aliyetupiwa ubeti aliuelewa na aliweza kuujibu, kwa lugha ileile na kwa bahari ileile. Mtu wa Witu hakuweza kuijibu picha ambayo hakupata kuiona.

Tena lipo jambo linaloumiza zaidi. Mji wa Pate ulikuwa na tarehe yake iliyoandikwa, ambayo leo twaijua kwa jina la Habari za Pate. Kwa mujibu wa masimulizi waliyoyapokea wataalamu mwanzoni mwa karne ya 20, kitabu cha asili kilikuwa katika milki ya Simba huko Witu, nacho kilipotea katika mashambulizi ya 1890. Nakala tulizo nazo zinatokana kwa kiasi kikubwa na kumbukumbu ya Bwana Kitini, mzee wa ukoo wa Nabahani, aliyewasimulia na kuwaandikia maafisa na wataalamu wa Kizungu kama vile C. H. Stigand na Alice Werner. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi moto uleule uliowapa wachongaji wa London kazi ya juma moja ndio ulioitia kinywani mwa mzee mmoja historia ya karne kadhaa. Upande mmoja ulipata picha nyingi. Upande wa pili ukapoteza kitabu. Asiyekuwapo na lake halipo, na maktaba ikiungua hata aliyekuwapo na lake huwa halipo.

Propaganda ya picha haikutumia sura ya adui peke yake. Ilijua pia kutumia huruma na kicheko. Mwezi Aprili 1894, serikali ya Uingereza ilipokuwa ikijitayarisha kuifanya Uganda kuwa himaya yake, jarida la vichekesho la Punch lilitoa katuni ya mtoto mweusi aliyeachwa mlangoni mwa John Bull, yule mzee mnene anayeiwakilisha Uingereza. Mzee anashangaa kwamba ameletewa mwingine tena, na hana budi kumchukua. Katika medali, Mwafrika ni hatari ya msituni. Katika katuni, ni kitoto kisicho na wazazi. Sura hizi mbili zaonekana kupingana, ila zinaelekea kwenye hitimisho moja. Mkatili hastahili kujitawala, na mtoto mchanga hawezi. Ufalme wa Buganda, uliokuwa na kabaka wake, baraza lake na barabara zake, haumo ndani ya kile kikapu.

Nusu karne baadaye visiwa vya Lamu vilirudi tena katika vita vya picha, safari hii kwa mlango wa nyuma. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, mchongo wa mbao ulikuwa umekwisha kuachia nafasi kamera. Picha za mauaji ya Lari ya mwezi Machi 1953 zilisambazwa na serikali ndani na nje ya Kenya; vijikaratasi viliangushwa misituni kutoka angani. Mwaka 1955 ilitoka filamu ya Kiingereza kuhusu Mau Mau iliyopewa jina la Kiswahili: Simba. Jina ambalo Ahmad wa Witu alilivaa kama heshima lilikuwa sasa linauza tikiti kwa hofu.

Katika miaka hiyohiyo, kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka mji wa Lamu, kilikuwa na kambi ya mahabusi wa Mau Mau. Mmoja wao alikuwa Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji aliyekamatwa kwa sababu ya vijitabu alivyovitoa kwa Kikuyu. Serikali iliyokuwa na kamera, filamu na ndege za kumwaga karatasi iliona kwamba mtu mwenye mashine ndogo ya chapa ni hatari ya kutosha kumpeleka hadi ukingo wa Bahari ya Hindi. Gakaara aliandika kumbukumbu za kizuizini, na kitabu kilichotokana nazo kilishiriki Tuzo ya Noma ya mwaka 1984. Witu kitabu kiliungua. Manda kitabu kilinusurika. Ndiyo maana Hali ya Hatari twaweza kuisoma leo kutoka pande zote mbili, na vita vya 1890 hatuwezi kwa kiwango hichohicho.

Katika maneno yetu ya kila siku kuna moja linalofaa sana kwa mada hii, nalo ni kasumba. Asili yake ni afyuni. Leo hutumiwa kwa mawazo ya kutawaliwa yanayobaki kichwani baada ya mtawala kuondoka. Wazee waliochagua neno hilo walikuwa wanaisimu hodari kutuzidi. Afyuni hailazimishi, hutuliza. Picha nzuri ya kuchongwa, yenye moshi wake na mitende yake, hutuliza vilevile. Mwanafunzi huipenda kabla hajauliza imetoka wapi.

Sitaki hata hivyo nieleweke kwamba dawa ya propaganda ni propaganda ya upande wa pili. Witu haikuwa pepo. Watawala wake waliwapokea watumwa waliotoroka, lakini pia walihusika na utumwa, na Wapokomo wa Mto Tana walikuwa na sababu za kuwaogopa watu waliotoka katika msitu ule. Wajerumani waliouawa mwezi Septemba waliuawa kweli, na baadhi yao huenda hawakuwa na kosa la kiongozi wao. Mwalimu anayemfuta Mwingereza mwovu kwa kumchora Sultani mtakatifu amebadili kipande cha chuma juu ya utepe tu. Medali ni ileile. Nia yetu ni kumfundisha mwanafunzi kuikamata ngoma mikononi, aone ngozi imevutwa kuelekea wapi na ni mikono ya nani iliyoivuta.

Kazi hiyo haihitaji vifaa vya gharama. Mimi huwapa wanafunzi wangu wa semantiki picha moja na maswali machache, nao hukaa nayo saa nzima. Nani aliyechora, na alisimama wapi? Nani ana uso, na nani hana? Nani ana jina katika maelezo ya chini, na nani ameitwa kwa neno la jumla? Ni kitendo gani kimetajwa bila mtenda? Tukio lilitokea lini, na picha ilichapishwa lini, na katikati hapo maneno gani yalitangulia? Ni nani aliyelipa senti zake ili aione? Mwisho, na hili ndilo swali gumu kuliko yote: mtu ambaye hayumo katika picha angesema nini, na maneno yake twaweza kuyapata wapi?

Swali hilo la mwisho humtoa mwanafunzi darasani. Litampeleka kwa Habari za Pate, kwa tenzi na mashairi ya Kiamu, kwa wazee wa Witu, Kipini na Mkonumbi, na kwa hati za kale zilizomo majumbani mwa watu, ambazo mchwa na chumvi ya bahari vinaendelea kuzisoma kwa bidii kutuzidi sisi. Walimu wa shule za Lamu na Tana River wana nafasi ambayo sisi wa vyuo vikuu tungeionea wivu: wanafundisha watoto ambao mababu wa mababu zao walikuwa ndani ya moshi ule, si nyuma ya bunduki zilizoufanya.

Tena somo hili si la historia pekee. Kijana wa leo huletewa picha kwa simu yake ya mkononi kwa wingi ambao mchongaji wa London hakuuota. Picha hizo nazo hupitia mikono kabla ya kufika, hubandikwa maelezo yasiyo yake, na mara nyingine picha ya vita vya nchi moja huvishwa jina la nchi nyingine, sawasawa na ile ya Waasante iliyovishwa jina la Witu. Anayejua kuisoma medali ya 1890 ameanza kujua kuisoma simu yake. Asiyejua atavutiwa ngozi kila siku, naye atadhani anasikiliza ngoma.